Kompyuta Niliyoikimbiza Mpaka Wusi

Voi, Alhamisi alasiri

Mwanangu Zainabu,

Salamu nitakupa kesho kwa mkono pale stendi, mbele ya watu, kwa hiyo hapa naziruka. Na habari za kula, za kuswali kwa wakati, za kutoazima nguo zako na kutotembea peke yako ugenini, hizo nimezisema mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Barua hii haina hayo.

Nakuandikia hapa dukani. Wewe umekwenda kumuaga shangazi yako Sofia, na najua hatakuachilia kabla ya kukulisha mara mbili. Jua ni kali, wateja wamejificha, na mimi nimepata nafasi ya kusema jambo moja bila ya wewe kunikatiza.

Jana nilikusikia barazani ukiwaambia wenzako kwamba ukifika India utaunda kompyuta yako mwenyewe, kipande kwa kipande, halafu utaifanya prosesa yake, ule ubongo wa ndani, ikimbie kuliko ilivyoandikiwa kiwandani. Ukasema, "Hata mama alifanya." Wenzako wakacheka, wewe ukacheka, na mimi jikoni nikacheka pia ingawa vitunguu vilikuwa vinaungua. Lakini mambo yale yalipotokea wewe ulikuwa shule ya bweni. Unachokijua ni kile kinachosimuliwa sokoni, na sokoni wamekata vipande. Nataka uondoke na habari nzima.

Unakumbuka duka lilivyokuwa. Taipu zangu mbili za chuma, na ile kompyuta tuliyoipata Mombasa ikiwa imeshatumiwa na watu. Prosesa yake ilikuwa ya megahezi mia na sitini na sita. Mwanzo watu walikuwa wakija kuitazama tu, kama wanavyokwenda kumtazama mtoto mchanga. Kisha upande wa pili wa barabara likafunguliwa duka jipya lenye kompyuta mpya na kijana mwenye tai. Kazi ambayo mimi niliitoa baada ya mteja kunywa chai na kusoma gazeti lote, kule ilitoka kabla hajakaa vizuri.

Siku moja alikuja dada mmoja karani, akanisubiri nimtolee barua yenye picha ya nembo juu. Printa ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, mashine yako imezeeka." Angeishia hapo ningemsamehe. Lakini baada ya kuitazama mashine, akanitazama na mimi.

Basi mwanangu, yaliyofuata yote yalianza kwenye macho ya yule dada. Sikuwa na haja kubwa ya mwendo. Nilitaka tu nisionekane nimepitwa.

Wakati ule kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa akitafuta madini huko Kishushe. Kila akija mjini alinipa ripoti zake nizipige chapa, naye alikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi mpaka soksi. Siku hiyo aliacha mezani gazeti la Kiingereza la mambo ya kompyuta. Nikalisoma na kamusi pembeni. Ndani mlielezwa kwamba mwendo wa prosesa hautoki mahali pamoja. Kuna mwendo wa bodi kubwa ya ndani, ambayo vitu vyote vimechomekwa humo, na kuna namba ya pili inayouzidisha ule mwendo wa bodi. Yangu ilikuwa bodi ya sitini na sita mara mbili na nusu. Na namba zote mbili zinapangwa kwa vikofia vidogo vya plastiki, vidogo kuliko punje ya mchele, vinavyovishwa juu ya pini za bodi. Vinaitwa jampa. Ukihamisha jampa, umehamisha mwendo.

Nilisoma ukurasa huo nikahisi nilikuwa nimefichwa siri ya mjini. Ukurasa uliofuata, uliokuwa na maonyo, niliupitia kama watu wanavyopitia masharti nyuma ya tiketi.

Ijumaa jioni babako alipokwenda msikitini nilifunga duka, nikafungua kompyuta kwa bisibisi yake ya kutengenezea friji. Nikahamisha jampa za bodi, si hatua moja kama gazeti lilivyoshauri, bali mpaka mwisho: themanini na tatu. Mara mbili na nusu, hiyo inapita mia mbili. Nikawasha. Ikawaka, ikahesabu, ikafunguka upesi hata nikageuka kutazama kama kuna mtu ameona. Hakukuwa na mtu. Ilinisikitisha kidogo.

Siku mbili nilikuwa malkia. Kisha ukaja mchana wa kweli wa Voi, ule ambao bati la paa linalia lenyewe, na kompyuta ikaganda katikati ya kazi. Nikazima, nikawasha, ikaganda tena. Joto. Prosesa ikikimbia hutoa joto zaidi, na kile kipande cha alumini kilichokaa juu yake kuipoza kilikuwa kidogo kama sabuni ya hotelini. Mimi nilikuwa nimeijaribu jioni, penye upepo. Huo ni ujinga wa kwanza nitakaokuomba usiurudie: usijaribu kitu saa ambayo ni rahisi, halafu ukakiamini saa ambayo ni ngumu.

Nikaondoa ubavu wa kompyuta, nikaielekezea feni ya meza. Feni yenyewe ndiyo ile moja ya duka. Wateja wakawa wanatiririka jasho huku mashine ikipepewa. Babako aliingia, akaangalia, akasema hata wewe ulipozaliwa hukulelewa hivyo ndani ya zile siku arubaini zangu za uzazi.

Gazeti lilisema pia kwamba kati ya prosesa na alumini hupakwa dawa maalumu ya kupitisha joto, kitu cheupe kama dawa ya meno. Sikuwa nayo. Nikafikiri, mafuta ni mafuta. Nikapaka mafuta yetu ya kujipaka, yale ya mgando, tena kwa ukarimu. Mchana ulipofika yakayeyuka, yakateremka juu ya bodi, na duka zima likanukia mtoto aliyeogeshwa kwenda kuswali Idi. Mzee mmoja aliyekuja kufotokopi kitambulisho aliuliza kama nimejifungua.

Nilifuta kwa pamba na spiriti, nikamshukuru Mungu haikuungua, na hapo mtu mwenye akili angerudisha jampa mahali pake. Mimi nilisema feni inatosha. Kitu kimoja tu ambacho sikukigusa kilikuwa umeme unaoingia kwenye prosesa. Gazeti lilisema wapo wanaouongeza ili mwendo ushike, na kwamba hapo ndipo prosesa hufa kabisa. Niliogopa. Katika habari hii yote, woga ule ulinisaidia kuliko akili yangu.

Sasa, Mwalimu Mghanga. Wewe unamjua kama yule mzee mwenye koti la kijivu anayekuuliza hesabu badala ya kukusalimia. Zamani zile mimi nilimjua kwa sifa tu. Alikuwa mwalimu mkuu kule Wusi, juu milimani, alifundisha sayansi, na alikuwa adui wa pombe. Hakuwahi kuionja, na kwa miaka mingi alizunguka na chifu akifunga vilabu vya mbangara, ile pombe ya kienyeji, vya akina mama, akimwaga mitungi huku akiwasomea madhara yake kwa ini. Aliogopwa na watoto, na zaidi yao wazazi wao. Alipostaafu, kamati ya wazazi ikaamua kumfanyia sherehe kubwa, na ratiba ya sherehe ikaletwa kwangu nipige chapa. Kwangu, si upande wa pili wa barabara. Nilijisikia kama nimechaguliwa na wilaya nzima.

Niliiandika vizuri, Zainabu. Mapambo pembeni, maua kwenye kona. Nikaisoma kwenye kioo cha kompyuta mara mbili, herufi kwa herufi, haina kosa. Nikaihifadhi kwenye diski ya ndani ya kompyuta. Kesho yake nikaifungua, nikatoa nakala moja, nikaipeleka moja kwa moja kwenye mashine ya fotokopi, nikatoa zilizobaki, nikazifunga kwa utepe. Sikuisoma tena. Kwa nini niisome, na jana nilishaisoma?

Hili sikulijua: ule mwendo wa bodi niliouongeza haukuwa wa prosesa peke yake. Diski nayo inakwenda kwa mwendo wa bodi. Nilidhani nimemkimbiza mtu mmoja, kumbe nimewakimbiza wote waliofungwa kamba moja, na diski ilikuwa haiwezi. Ilikuwa inaandika huku inajikwaa. Haikuharibu ukurasa mzima, ambapo ningeona. Ilibadilisha herufi moja hapa, moja pale.

Kamati ilinialika kwenye sherehe. Nikavaa buibui langu jipya, nikapanda Wusi, nikakalishwa safu ya pili. Watu walijaa uwanja wa shule mpaka kwenye migomba. Kila mmoja alikuwa na ratiba yangu mkononi, wengine wanajipepea nayo, na mimi nilikuwa nikiwatazama wanavyojipepea kwa fahari.

Nilianza kuona kasoro pale mama mmoja mbele yangu alipomwonyesha mwenzake mstari, akamuuliza kwa nini wamealikwa kama hawatalishwa. Nikachungulia. Penye saa ya chakula paliandikwa "Chakuna", naye ameisoma "hakuna". Nyuma yangu watu wawili walikuwa wameshasimama kwenda kutafuta mandazi dukani kabla hayajaisha.

Kabla sijajua la kufanya, msema chochote, yule mshereheshaji, akashika kipaza sauti. Alikuwa kijana wa hapo hapo kijijini, mwenye sauti ya redio, mmoja wa wale wanaosoma kilichoandikwa bila ya kukipitisha kichwani. Akasoma, "Leo tumekusanyika kumuaga mwalimu wetu mpendwa, mlezi wa watoto wetu, mtu mgema."

Mimi nilikuwa nimeandika mtu mwema. Herufi moja, mwanangu. Huko milimani hakuna minazi ya kugema, lakini neno wanalijua, na wanajua mgema anauza nini.

Nilisikia jogoo wa mbali. Halafu kutoka nyuma kabisa, walipokaa wale akina mama ambao Mwalimu aliwamwagia mitungi, ikaja sauti moja tulivu: "Kumbe ndiyo maana alitufungia. Alikuwa mshindani."

Sijapata kusikia kicheko kama kile. Kilianza nyuma kikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Chifu alijifunika uso kwa kofia. Mchungaji aligeuka kutazama ukuta, mabega yakimtikisika. Mke wa Mwalimu, aliyekaa jukwaani kwa heshima zote, alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Na kila kilipotulia, mtu mmoja alitamka lile neno tena kwa sauti ya chini, kikaanza upya.

Mwalimu peke yake hakucheka. Alivaa miwani, akaisoma ratiba tangu juu mpaka chini, akaivua miwani. Akaomba kipaza sauti, na watu wote wakakaa sawa kama darasa.

"Nani alipiga chapa?"

Nikasimama. Miguu ilisimama, mimi mwenyewe nilitamani kubaki nimekaa. Nikasema ni mimi, Mama Zainabu wa Voi.

"Ulikosea wewe, au ilikosea mashine?"

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi tangu siku ile. Kwa sababu jibu la kuniokoa lilikuwa pale pale, tena lilikuwa la kweli. Nani Wusi angebishana na mama aliyesema ni mashine? Ningekaa, wangenionea huruma, ningekwenda nyumbani. Nilifungua kinywa kulisema, na likatoka jingine.

"Ilikosea mashine, Mwalimu. Lakini mimi ndiye niliyeilazimisha."

Akasema, "Keti. Tutaonana Jumatatu." Vile vile wanavyoambiwa watoto. Nikaketi, nami ni mama mtu mzima mwenye duka. Chakula kilikuwepo, tena pilau, ila sikumbuki ladha yake.

Jumatatu alikuwa mlangoni kabla sijafungua. Koti la kijivu, tai, joto lile lile. Sikujua kama amekuja kunidai fidia au kunichapa. Alikaa, akasema nimweleze nilichofanya, mwanzo mpaka mwisho. Nikaeleza jampa, feni, mafuta ya kujipaka. Kwenye mafuta ya kujipaka alifumba macho kidogo.

Nilipomaliza akasema, "Umebadilisha mambo matatu kwa pamoja, halafu unashangaa hujui ni lipi lililokuumiza. Mtoto wa darasa la saba ningemrudisha mwaka."

Tukaanza upya, mimi na yeye, kama watu wa maabara. Kwanza alinifanya ninakili kazi zote za wateja kwenye disketi, kabla ya kugusa chochote. Kisha tukarudisha bodi kwenye sitini na sita yake, ili diski itembee kwa mwendo inaoujua. Tukaongeza ile namba ya kuzidisha tu, kutoka mbili na nusu kuwa tatu. Hiyo ni mia mbili kamili, na anayekimbia ni prosesa peke yake. Tukaijaribu saa ya jua kali, dirisha limefungwa kwa makusudi. Jaribio letu lilikuwa la kubana faili kubwa, kulifungua, na kulinganisha na la mwanzo kama limerudi bila tofauti, halafu tena, halafu tena. Mwalimu alikaa humo na koti lake akakataa kulivua. Mimi niliomba ruhusa ya kutoka nje kupumua, naye akaniruhusu.

Siku ya kwanza ikaganda. Hapo akaingia babako. Unajua alivyo, miaka yote anatengeneza friji za watu na nyumbani hatuna friji. Alisikiliza, akagusa kile kipande cha alumini, akasema, "Joto halifi. Linahama tu. Nyinyi hamjalipa pa kwenda." Akaenda kwenye takataka zake, akarudi na kipoza joto cha amplifaya iliyokufa, alumini yenye mapezi marefu, akakikata, akakichongea mahali pa kukaa. Akaleta na ile dawa nyeupe ya mafundi redio. Nikachukua kijiko. Akanipokonya. Inatiwa kidogo mno, akaniambia, kiasi cha kuziba vinyweleo tu, ukiijaza inakuwa blanketi.

Kwa kipoza joto kile ilishika. Mchana wa kwanza, wa pili, wiki nzima. Faili lilikwenda na kurudi bila kupoteza hata nukta. Nilifurahi nikataka tuongeze tena. Tukajaribu hatua moja juu, haikuwaka kabisa. Tukarudi kwenye mia mbili. Mwalimu akaniuliza ninataka nini zaidi. Nikaweka bisibisi chini.

Lakini mashine kupona si duka kupona. Habari za Wusi zilikuwa zimefika mpaka Njukini. Watu walipita mlangoni wakicheka. Aliyeingia aliuliza kwanza kama hatafanywa mgema. Bibi mmoja aliondoa kadi za harusi ya mjukuu wake akavuka nazo barabara, na sikuweza kumlaumu. Kuna asubuhi nilikaa hapa nikifikiria kuiuza kompyuta na kurudi kwenye taipu, ambazo hazijawahi kumtukana mtu kwa hiari yake.

Sasa hiki ndicho ambacho sokoni hawakisimulii. Mwalimu Mghanga aliendelea kuja. Kila wiki alileta kitu nimpigie chapa: barua ya pensheni, barua kwa kanisa, barua ya kulalamikia barua ya kwanza. Kule kwao angeweza kuandika kwa mkono, maandishi yake ni mazuri kuliko printa yangu. Na kila mara nilimwekea kiti ndani karibu na feni, naye alikisogeza mpaka mlangoni, penye jua. Nilidhani ni ukaidi wa wazee. Ilichukua muda mpaka nikaelewa. Alikuwa anakaa pale aonekane. Watu wakipita walimwona yule yule aliyeitwa mgema, ameketi na tai yake akisubiri kazi kutoka kwa mama aliyemwita mgema. Baada ya hapo, nani angekuwa na sababu ya kuniogopa? Wateja walirudi mmoja mmoja. Yule bibi alirudi pia.

Sikuwahi kumuuliza, naye hakuwahi kusema. Ulipokuja likizo ukamkuta amekaa mlangoni akakuuliza kipeo cha pili cha namba gani sijui, ukakimbilia jikoni kuniuliza yule mzee mkali ni nani, nilikwambia ni mteja. Nilikosa neno lingine.

Kwa hiyo unda kompyuta yako, Zainabu. Ikimbize ukitaka. Najua nikikukataza utaifanya kwa siri, na mambo ya siri ndiyo yanayopakwa mafuta ya mgando. Badilisha jambo moja, lijaribu saa ya joto, nakili kazi zako kwanza, na umeme uachie waliousomea. Kazi ya mtu isome upya baada ya mashine kuimeza, hata kama jana ilikuwa safi. Hayo utafundishwa na walimu wako vizuri kuliko mimi.

Langu ni hili moja. Huko utaharibu kitu. Sijui ni nini, kifaa au mtihani au urafiki, lakini utakiharibu, kwa sababu wewe ni mtoto wangu na mikono yetu inafanana. Siku hiyo usikae chumbani ukinitungia maneno mazuri. Tafuta simu, piga hapa dukani, sema tu, "Mama, nimeharibu." Nitacheka kwanza, nivumilie, siwezi kujizuia. Nikimaliza kucheka nitakuuliza kama umekula. Halafu utanieleza, mwanzo mpaka mwisho, na mimi nitasogeza kiti mpaka mlangoni, penye jua.

Mamako